Kamaa, Riziki Isiyopandwa

Bibi mmoja, mkaaji wa Kariakoo, ametuletea barua yenye maswali matatu. Nduguye aliyekuja kutoka Muscat alimletea zawadi ya kisanduku chenye vitu vya mviringo, rangi ya udongo, mfano wa viazi vidogo, akamwambia kuwa hiyo ndiyo kamaa aliyoitaja Bwana Mtume (s.a.w.). Bibi auliza: Je, kitu hiki ni mzizi, ni tunda, au ni uyoga? Chamea vipi? Na je, maji yake yafaa kutiwa machoni mwa mjukuu wake, ambaye macho yake ni mekundu na yatoa usaha kwa siku kadhaa sasa?

Swali la tatu lilitufanya tumpelekee jibu kwa mkono siku ile ile, pasipo kungoja gazeti lichapwe. Lakini twaona yafaa nyumba zote zisikie majibu yote matatu.

Kamaa ni uyoga. Tofauti yake na uyoga tuujuao ni kwamba hauchomozi juu na kufungua mwavuli, bali hukaa na kukomaa chini ya mchanga. Watu wa Ghuba huuita faga, na aina zake mashuhuri ni zubaidi, iliyo nyeupe, na ikhlasi, yenye rangi ya hudhurungi. Waarabu wa kale waliuita binti wa radi, kwa kuwa waliuona baada ya mvua za ngurumo. Mvua ya mwanzo wa majira ya baridi ikinyesha kwa wakati wake, kamaa hupatikana jangwani tangu Januari hata kufikia Machi au Aprili. Mvua ikikosekana, mwaka ule hapana kitu.

Lakini mvua peke yake haitoshi. Penye kamaa hapakosi mmea mdogo wa jangwani wenye maua ya manjano. Nyuzi za uyoga, nyembamba kuliko unywele, hushikamana na mizizi ya mmea ule. Uyoga huupa mmea maji na chumvi za ardhi. Mmea nao huupa uyoga sukari iliyotengenezwa kwa nuru ya jua. Hakuna anayemdhulumu mwenziwe. Mtafutaji hutazama karibu na mmea ule, na aonapo ardhi imevimba na kupasuka, hufukua kwa upole.

Huko Ufaransa na Italia wanao ndugu wa kamaa, wakaao chini ya mizizi ya mialoni, wenye harufu kali ajabu. Harufu ile ina kazi: humwita mnyama afukue, ale, kisha aitawanye mbegu msituni. Watu huutafuta kwa mbwa waliofundishwa, na ule mweupe wa Alba, katika Italia, hupimwa kwa gramu kama dhahabu kwa sonara.

Wala sisi hatukunyimwa. Mvua zianzapo, hutoka vichuguuni uyoga mtamu ambao shina lake hushuka chini mpaka katika bustani ya mchwa. Mchwa ndio wakulima: hutafuna majani na miti mikavu, wakatengeneza sega, na uyoga ukamea juu yake, nao wakapata chakula. Mwanadamu, pamoja na elimu yake yote, bado hajaweza kuulima uyoga huo. Huko Tabora na Iringa, katika misitu ya miyombo, uko uyoga mwingine unaoishi na mizizi ya miti kama vile kamaa aishivyo na mmea wa jangwani.

Hapo ndipo tunapofahamu maana ya Hadithi iliyopokewa na Said bin Zaid, ambayo Bukhari na Muslim wameithibitisha: kwamba kamaa ni katika manna, na maji yake ni dawa ya macho. Wanavyuoni wameeleza kuwa imefananishwa na manna waliyoteremshiwa Wana wa Israili, kwa kuwa hupatikana bila ya kulima wala kupanda. Basi kamaa ni halali na ni neema. Bibi aioshe kwa maji mengi, maana hushika mchanga sana. Aimenye, aichemshe, kisha aipike pamoja na nyama ya mbuzi na wali.

Ama habari ya macho, wanavyuoni hawakuwa watu wa pupa. Ibnul Qayyim na Imam Nawawi wametaja khitilafu zao: wako waliosema maji yake yachanganywe na dawa nyingine za macho, wako waliosema yatumike peke yake, na wako waliosema kamaa kwanza iokwe motoni. Ikiwa mabingwa wa dini na tiba walihitaji kujadiliana hivyo, vipi sisi tukamue kamaa iliyosafiri sandukuni, tuitie katika jicho la mtoto lenye usaha? Jicho la namna hiyo laweza kupofuka likicheleweshwa. Mtume aliyeitaja kamaa ndiye aliyetuamuru tutafute matibabu. Kumpeleka mtoto kwa tabibu si upungufu wa imani, ni kutii.

Tena kuna hatari nyingine. Asije kijana akasikia sifa hizi akaokota kila uyoga aonao. Jamii moja ya uyoga huweza kuwa na ulioliwa miaka na miaka, na ulio na sumu ya kuua, vikifanana sana. Sumu iliyo kali zaidi haiondoki kwa kupikwa. Mtu hukaa saa 6 mpaka 24 bila ya kuhisi lolote, ndipo hutapika na kuharisha. Kisha hupata nafuu ya uongo, kumbe ini laharibika. Maneno ya kuwa eti kitunguu au sarafu ya fedha hugeuka rangi penye sumu hayana msingi, na kwamba mdudu ameula si dalili ya usalama. Ule unaomjua, kutoka kwa unayemwamini. Na ukiwa na shaka, acha.

Neno la mwisho ni kwa wenye majiko. Hapa Kariakoo twanunua makaa kwa gunia na kwa kopo, tusikumbuke kuwa mengi yametoka katika miti ile ile ya miyombo. Mti ukatwapo na kisiki kisiachwe kichipuke, uyoga ulioshikamana na mizizi yake hufa pamoja nao, wala hakuna mbegu ya dukani ya kuurudisha. Riziki isiyopandwa na mtu ni rahisi kuiona kuwa haina mwenyewe. Mwenyewe yuko, naye atatuuliza. Basi mwenye uwezo wa kutumia gesi na apunguze makaa, na mwenye kutumia makaa asiyachezee.

Mjukuu amekwisha kupelekwa hospitali, na bibi atuarifu kuwa macho yaendelea vizuri. Kamaa imeliwa na jamaa wote siku ya Ijumaa. Alhamdulillahi.