Rungu Huanza Siku ya Kuandikwa



Mtu akipigwa na askari, swali la kwanza watu wamwulizalo ni hili: "Ulifanya nini?" Ni wachache waulizao: askari huyu alichaguliwa kwa njia gani? Alifundishwa nini? Tangu siku alipovaa sare, nani amemwangalia tena kama bado afaa kushika rungu na bunduki? Leo twataka maswali haya yaulizwe hapa Ziwa, sokoni, shambani na katika kila mkutano wa chama.

Wengine watasema kwamba kazi ya chama cha wafanyakazi ni mishahara, na mambo ya polisi tuyaachie wakubwa. Sisi hatukubali. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa mfanyakazi haki ya kugoma, na kifungu cha 37 chatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Lakini mfanyakazi anapotoka nje ya lango la kazi na bango lake, mara nyingi mtu wa kwanza kukutana naye si meneja. Ni askari. Kama askari huyo hajui kazi yake, haki iliyoandikwa katika Katiba huishia mbavuni.

Jambo hili si geni kwa vyama vya wafanyakazi. Septemba 1947 wafanyakazi wa kiwanda cha nyama ya nguruwe cha Uplands waligoma. Polisi wa serikali ya kikoloni wakawapiga risasi, na watu watatu wakafa. Tulidhani ya kwamba bendera ikishushwa, desturi hiyo nayo itashuka. Haikushuka. Baada ya uchaguzi wa 2007 mkoa wetu uliungua, na Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini. Kati yao, 405 waliuawa kwa risasi. Katika maandamano yaliyoanza Juni 2024, Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 60.

Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay, akapelekwa Nairobi, akafa katika kituo kikuu cha polisi tarehe 8. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani. Madaktari waliopasua maiti walisema majeraha yale hayakuwa ya mtu aliyejigonga mwenyewe. Watu sita, askari miongoni mwao, walishtakiwa kwa mauaji na wakakana. Hukumu twaiachia mahakama. Lakini huyu alikuwa mwalimu, mfanyakazi kama sisi, na aliingia kituoni akiwa mzima.

Hatusemi kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Polisi ya 2011 yasema wazi: askari atumie kwanza njia isiyo ya nguvu. Nguvu ikilazimu, isizidi haja. Akimwumiza mtu, amtafutie daktari upesi na jamaa zake wapashwe habari. Askari wa sare avae jina lake au namba yake. Na amri ya mkubwa wake si kisingizio cha kuvunja sheria. Maneno haya ni mazuri. Kasoro ni kwamba maneno hayashiki rungu. Rungu hushikwa na mtu, na mtu huyo ndiye tunayemzungumzia.

Tazameni anavyochaguliwa. Vijana huitwa uwanjani kwa siku moja. Hupimwa urefu, hutazamwa meno, hukimbizwa, vyeti vyao husomwa. Novemba 2025 nchi nzima iliandika makurutu 10,000 kwa mtindo huo. Meno na miguu vilitazamwa. Lakini nani alitazama hasira? Nani alikwenda kijijini kuuliza kama kijana huyu hupiga wadogo wake, au kama akitukanwa hujizuia? Mwaka 1990, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Havana, Cuba, mataifa yalikubaliana kwamba polisi wachaguliwe kwa kuchujwa vizuri, wawe na tabia na akili zifaazo pamoja na nguvu za mwili, kisha wafundishwe bila kukoma, na kufaa kwao kupimwe kila baada ya muda. Sisi twapima miguu tu.

Hapa Uasin Gishu tuna mashine za kuvunia ngano. Hakuna mwenye shamba ampaye mtu kombaini kwa sababu ana miguu mizuri. Atauliza amejifunza wapi, na msimu uliopita aliharibu nini. Je, bunduki ni kitu kidogo kuliko kombaini?

Kisha kuna rushwa. Kamati iliyoongozwa na Jaji Mkuu wa zamani David Maraga, iliyotoa ripoti yake Novemba 2023, ilitaja ufisadi katika kuwaandika askari. Watu wa hapa hawakuhitaji ripoti ili walijue hilo. Mzazi huuza ng'ombe, hukodisha ekari zake za mahindi, ili mtoto apate nafasi. Twamwelewa mzazi, maana kazi ni haba. Lakini tumwambie ukweli. Kijana aliyenunuliwa sare huanza kazi akiwa na deni, na deni hilo atalilipa nani? Litalipwa na mwenye bodaboda, na mama mwuza mboga, na mfanyakazi aliyekamatwa Jumamosi jioni. Anayenunua sare ataiuza haki.

Juu ya mafunzo, wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Gwaride na shabaha vina mahali pake. Lakini kazi kubwa ya askari ni kusema na watu: kuusikiliza umati wenye uchungu, kumwita kiongozi wao, kurudi nyuma hatua kumi badala ya kurusha vitoa machozi. Hayo nayo hufundishwa, na hurudiwa mwaka hata mwaka. Mtu aliyefunzwa kupiga tu, kila tatizo ataliona la kupigwa.

Na kuhusu kuwachuja walio kazini, jambo hilo lilijaribiwa. Desemba 2013 Tume ya Huduma ya Polisi, chini ya Johnston Kavuludi, ilianza kuwahoji maofisa hadharani. Wananchi waliona hesabu za benki na fedha za simu zikisomwa, na wengine wakashindwa kueleza mali yao. Lilikuwa jambo jema. Lakini mkono uliovunja mbavu hauachi alama katika hesabu ya benki. Kwa hivyo malalamiko ya kupiga watu yatazamwe kwa bidii ile ile ya kutazama fedha.

Tusiwe wadhalimu kwa askari. Yeye ni mfanyakazi. Wengi wanaishi katika nyumba mbovu. Sheria yamnyima chama na mgomo, kwa hivyo hana wa kumsemea. Kamati ya Maraga ilipendekeza askari wa vyeo vya chini waongezwe mshahara kwa asilimia 40, nasi twaunga mkono askari alipwe vizuri. Lakini uchovu na njaa si ruhusa ya kumpiga mfanyakazi mwenzake.

Basi twadai mambo manne. Kwanza, majina ya vijana waliochaguliwa yabandikwe hadharani kabla hawajaenda chuoni, ili wanaowajua waseme. Pili, mafunzo ya kutuliza watu bila nguvu yarudiwe kila mwaka, na asiyefaulu asipewe bunduki. Tatu, askari mwenye malalamiko mengi ya kupiga watu aondolewe mbele ya wananchi mpaka achunguzwe, wala asihamishwe tu kwenda kuwapiga wa wilaya nyingine. Nne, kila tawi lijulishwe ni ofisa gani wa kusema naye kabla ya mgomo, si baada ya damu.

Nasi tuna wajibu. Mwanachama akipigwa, asikae nyumbani na uchungu wake. Aende hospitali ya Ziwa siku hiyo hiyo, atunze karatasi zote, adai fomu ya P3 ijazwe na daktari. Aandike saa, mahali, namba ya askari au ya gari, na majina ya walioona. Kisha apeleke habari kwa IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kuchunguza polisi, ambayo ina ofisi Eldoret. Katibu wa tawi atamsaidia kuandika. Lalamiko lisiloandikwa hufa sokoni.

Na mzazi ambaye sasa ahesabu ng'ombe wake akingoja siku ya kuandikwa, twamwomba awaache ng'ombe wabaki zizini. Mtoto wake akifaa, aandikwe kwa kufaa. Akikataliwa kwa kukosa fedha, mzazi aje ofisini kwetu, tuandike pamoja.

Haya ndiyo maoni yetu. Mwenye maoni mengine na alete barua.