Beni na Butembo: Faili za kesi zinapotea kabla hakimu hajazifungua

Kijana anakamatwa Mbau akiwa na gunia la kakao. Mwenye shamba anasema ni mali yake, kijana anasema ameinunua kwa mtu. Visa vya aina hiyo havikosekani msimu wa mavuno katika wilaya ya Beni, na kwa sheria ya Kongo si visa vigumu. Wizi uliofanywa bila nguvu wala vitisho adhabu yake haizidi miaka 5 jela. Kwa hiyo, kufuatana na sheria ya tarehe 11 Aprili 2013 kuhusu mahakama, unaangukia mikononi mwa mahakama ya amani, ile ambayo wakaaji wanaiita tu Tripaix. Makosa yenye adhabu kubwa zaidi ndiyo yanayopanda hadi TGI. Kesi ya gunia moja na mashahidi wawili watatu inaweza kusikilizwa asubuhi moja na kuisha.

Inaweza, lakini haiishi. Na sababu yake si ukosefu wa sheria.

Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inampa polisi saa 48 tu za kumshikilia mtu. Zikiisha, amwachilie au ampeleke kwa mwenye mamlaka ya kisheria. Huko parke, mwendesha mashtaka akitoa hati ya kumkamata, hati hiyo inadumu siku 5. Ndani ya siku hizo mshtakiwa afikishwe mbele ya hakimu, ambaye anaweza kuruhusu azuiliwe siku 15, kisha mwezi mmoja, na kuendelea mwezi kwa mwezi. Kila ngazi imewekwa ili awepo mtu wa kuuliza: huyu bado yuko ndani kwa nini?

Ukweli wa kila siku ni mwingine. Kutoka Mbau hadi mjini Beni kunahitaji usafiri, na mara nyingi mlalamikaji ndiye anayeombwa pesa ya pikipiki ili mshukiwa na karatasi zake vifike. Asiyekuwa na pesa, kesi yake inalala kwenye kasho la kijiji. Barabara ikifungwa kwa sababu ya mashambulizi, saa 48 zinakuwa wiki. Hakuna anayeandika kwamba muda umepita. Na mshukiwa mwenyewe, ambaye pengine hajui kusoma Kifaransa cha hati aliyotia kidole, hawezi kujua kwamba karatasi inayomfunga imekwisha nguvu.

Halafu ikaja état de siège. Tarehe 6 Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliingia chini ya utawala wa dharura wa kijeshi uliotangazwa na Rais Félix Tshisekedi. Magavana na mameya wakawa maafisa wa jeshi na polisi, na kesi za jinai za raia zikaondolewa kwa mahakimu wa kawaida, zikapelekwa kwa oditora na mahakama za kijeshi. Katiba inaruhusu hilo katika kifungu cha 156, kwa muda na kwa makosa ambayo Rais anayataja. Kifungu cha 144 kinasema hali hiyo ni ya siku 30, ikiongezwa siku 15 kila mara kwa kibali cha Bunge. Siku 15 hizo zikaongezwa, zikaongezwa tena, hadi miaka ikapita.

Kwa haki, lazima ikumbukwe kwa nini watu wengi wa Beni walishangilia mwanzoni. Walikuwa wamechoka kuzika watu, na wamechoka kusikia kwamba mshukiwa aliyekamatwa wiki jana ameonekana sokoni. Hakimu wa kiraia hakuwa na sifa nzuri. Wengi waliamini kwamba mwanajeshi hataogopa wala hatanunuliwa. Fikira hiyo haikuwa ya kijinga.

Lakini mtu aliyefikiria hivyo alikuwa na ADF akilini, hakuwa na gunia la kakao. Wizi wa mbuzi, matusi, ugomvi wa mpaka wa shamba uliomalizika kwa panga, deni lililogeuzwa kuwa utapeli: yote hayo yakamiminika kwenye ofisi za oditora ambazo tayari zilikuwa na kazi ya wanajeshi na waasi. Faili zilizokuwa parke zikabidi zihamishwe. Kuhamisha faili ni neno dogo. Maana yake ni kwamba karani wa hapa anatoa bahasha, karani wa kule anaipokea, na kati yao kuna daftari moja ambalo mara nyingi halikujazwa. Mshtakiwa anabaki palepale gerezani, huku karatasi zake zikisafiri bila yeye. Shirika la Amnesty International lilitoa ripoti kuhusu jambo hilo mwezi Mei 2022, na lawama yake kubwa ilikuwa kwamba haki na uhuru wa raia vimebanwa katika majimbo hayo mawili.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa vijana wa LUCHA. Walikamatwa Beni tarehe 11 Novemba 2021 wakipinga kwa amani kuongezwa kwa utawala huo huo. Mahakama ya kijeshi iliwahukumu 12 kati yao kifungo cha miezi 12 tarehe 1 Aprili 2022. Ni karibu miezi mitano ya kungoja, kwa watu waliokuwa na mawakili, wenye jina, wanaofuatiliwa na waandishi wa habari na mashirika ya nje. Kijana wa Mbau hana hata kimoja katika hivyo. Atangoja kiasi gani?

Na asije mtu akasema mahakama za kijeshi haziwezi kwenda haraka. Beni wanakumbuka kesi ya mauaji ya Kanali Mamadou Ndala, aliyeuawa karibu na mji huo tarehe 2 Januari 2014. Mahakama ya kijeshi ya operesheni ilifungua vikao hadharani hukohuko Beni mwezi Oktoba mwaka huo, na katikati ya Novemba hukumu ikatoka. Watu walijaa kusikiliza. Mtu anaweza kubishana na hukumu yenyewe, lakini kesi ilianza, ikasikilizwa na ikaisha. Serikali ilipotaka, majaji walipatikana, usafiri ulipatikana na ulinzi ulipatikana.

Pale inapokosekana nia hiyo, gereza ndilo linalobeba mzigo. Kangbayi, gereza kuu la Beni, lilishambuliwa Juni 2017 na wafungwa zaidi ya 900 wakatoroka. Tarehe 20 Oktoba 2020 likavunjwa tena alfajiri, wakatoka zaidi ya 1,300, wakabaki kama mia moja. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Agosti 2022 ikawa zamu ya Kakwangura, gereza la Butembo: zaidi ya 800 wakatoka na polisi wawili wakauawa. Magavana walipinga, maaskari waliongezwa, kuta zilizungumzwa sana.

Kuta si jambo la kwanza. Gereza lililojaa watu ambao hakuna hakimu aliyewasikiliza ni ghala la watu wasio na la kupoteza. Mwizi wa mbuzi analala kifuani mwa mpiganaji aliyeshikwa msituni, chakula hakitoshi mpaka mama au dada alete sahani kutoka nyumbani, na tarehe ya kesi haipo. Geti likivunjwa, asiye na hatia na mwenye hatia wanapita mlango mmoja, na kuanzia siku hiyo wote wawili ni watoro mbele ya sheria. Yule ambaye pengine angeachiliwa sasa anaogopa kurudi kudai faili yake.

Upande wa pili wa karatasi hiyo yupo mtu mwingine ambaye anasahauliwa haraka zaidi. Msichana aliyebakwa Oicha, aliyekubali kusimulia yaliyompata mbele ya OPJ, kisha parke, kisha oditora, mara tatu kwa wanaume watatu tofauti, anasikia redioni kwamba geti la Kangbayi limefunguliwa. Hakuna anayempigia simu kumwambia kama mtu wake ni miongoni mwa waliotoka. Akienda kuuliza, anaambiwa faili haionekani. Je, atasimulia mara ya nne?

Butembo wana jibu lao wenyewe kwa hali hiyo, na si jibu la kujivunia. Mwizi akikamatwa usiku mtaani, filimbi zinapigwa, tairi linatafutwa. Wakuu wa mji wamekemea mara nyingi, makanisa pia. Wanaochoma huwa na sentensi moja: tukimpeleka, kesho atarudi. Ni sentensi mbaya, lakini aliyewafundisha ni mahakama isiyomaliza kesi. Ndiyo maana suala la faili iliyopotea halihusu mawakili peke yao.

Oktoba 2023 Rais alitangaza kwamba utawala wa dharura utalegezwa hatua kwa hatua. Januari 2025 Goma, ambako ndiko yalikokuwa makao ya korti ya rufaa ya jimbo, ikaangukia mikononi mwa M23, na uongozi wa jimbo ukahamia Beni. Kwa hiyo kifungu cha 156, kinachosema kwamba hata wakati wa dharura haki ya kukata rufaa haiwezi kusimamishwa, kimepata mtihani mwingine. Mtu wa Butembo ambaye faili yake ya rufaa ilikwenda Goma, leo ataitafuta wapi, na kwa barabara gani?

Kuna mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja vita viishe. Kesi ndogo za raia zirudi kikamilifu kwa Tripaix, na zinaporudi, karatasi zirudi kwanza, zikihesabiwa moja moja mbele ya makarani wawili wanaotia sahihi. Hakimu na mwendesha mashtaka waingie Kangbayi na Kakwangura kwa ratiba inayojulikana, wakae mezani, waite majina kwa daftari la gereza, na kila ambaye hati yake imekwisha muda aachiliwe au apewe tarehe siku hiyo hiyo. Vikao vya nje ya mji, vile vya audience foraine, vimekwisha kufanyika mara nyingi mashariki mwa Kongo. Kuvifanya ndani ya uwa wa gereza hakuhitaji msafara wa magari. Nakala ya pili ya kila faili iwekwe mbali na gereza na mbali na ofisi iliyo karibu na mapigano. Na ofisi za ushauri wa bure za mawakili zipewe nafasi ya kuingia, zisiishie getini.

Yapo pia mambo yasiyogharimu kitu. Daftari la gereza lina safu ya tarehe ya kuingia. Safu ya tarehe ya kikao cha kwanza ichorwe pembeni yake, na kila mwisho wa mwezi idadi ya mistari iliyo tupu isomwe redioni, Beni na Butembo, kwa Kiswahili na Kinande, ili mama anayepeleka sahani ajue mtoto wake yuko katika hesabu ipi.