Mkono Unaosema na Daktari

Hebu weka vidole viwili kando ya koo lako, chini kidogo ya taya. Je, wahisi mpigo? Huo ni mshipa uitwao karotidi, na mwenziwe yuko upande wa pili. Mishipa hii, ikisaidiwa na mingine miwili ipitayo nyuma ya shingo, ndiyo inayoupelekea ubongo damu.

Mafuta yakijijenga ndani ya karotidi, vipande vyake huweza kumeguka na kuziba njia ya damu ubongoni. Mtu akapatwa na kiharusi. Tangu miaka ya 1950 madaktari wamekuwa wakiupasua mshipa huo na kuyatoa mafuta.

Lakini, mpenzi msomaji, hapo pana kitendawili. Kabla ya kuufungua mshipa, sharti daktari aubane ili damu isipite. Nao ubongo hauna akiba: ukikosa damu kwa dakika chache tu, huanza kufa. Wagonjwa wengi hawadhuriki, kwani ile mishipa mingine huungana chini ya ubongo na kusaidiana. Kwa wachache, msaada huo hautoshi. Daktari atawajuaje?

Mgonjwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, nyaya za kupima umeme wa ubongo hubandikwa kichwani, au chombo cha mawimbi ya sauti huwekwa mbele ya sikio kupima mwendo wa damu. Njia nyingine ni ya ajabu kwa wepesi wake. Mgonjwa hutiwa ganzi shingoni tu, akabaki macho. Mkononi, upande usiopasuliwa, hushikishwa mwanasesere wa mpira unaolia akibinywa. "Binya!" Akilia, salama. Mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, daktari hupitisha mrija mwembamba upeleke damu ubongoni huku kazi ikiendelea.

Utafiti wa 2008 uliohusisha wagonjwa 3,526 haukuona tofauti kubwa ya usalama kati ya ganzi na nusukaputi.

Kwa nini nakueleza haya? Kwa sababu ishara hizo hizo waweza kuziona nyumbani. Baba akiangusha kikombe ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakamkwama, usiseme ni uchovu. Hata akipata nafuu baada ya dakika kumi, mkimbize hospitalini papo hapo. Nafuu hiyo huenda ikawa onyo la mwisho. Mkono umekwisha kusema, usikie.