Haba na Haba Hujaza Dandora: Usafi wa Mwili na Usafi wa Mazingira Mitaani Eastlands

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lau wangeishi leo katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, pengine wangeongeza kuwa kifuko na kifuko hujaza jaa. Kila alfajiri, kuanzia Kaloleni hadi Kayole, maelfu ya wakazi huoga, hupiga mswaki na kujipaka mafuta kabla ya kuwahi matatu. Shughuli hiyo ya dakika chache huacha nyuma vifuko vya shampuu, vya mafuta na vya dawa ya meno, ambavyo hatima yake ni mtaroni au katika jaa la Dandora. Jaa hilo, lililoanza kutumika miaka ya 1970, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ila malori hayakukoma kumwaga taka humo.

Katika mjadala wa mazingira, aghalabu lawama humwangukia mtumiaji. Hunasihiwa apunguze muda wa kusimama chini ya bafu la manyunyu. Je, nasaha hiyo yamhusu nani? Manyunyu hutiririsha lita zipatazo 10 kwa dakika moja. Mkazi anayeteka maji kwa mtungi wa lita 20, akaoga kwa ndoo na kopo, hutumia maji ambayo yangekwisha chini ya manyunyu kwa dakika moja au mbili tu. Maji aliyosuuzia nguo huyatumia tena kupigia deki na kusafishia choo. Uhaba umekwisha kumfunza kubana maji. Hata hivyo, uhaba usigeuzwe kuwa fadhila, kwani Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kupata maji safi ya kutosha.

Lugha nayo ni shahidi wa mabadiliko yaliyoingia bafuni. Mswaki ni jina la mti, na pia la kijiti kinachokatwa kutoka mti huo, ambacho kikitupwa huoza na kuwa udongo. Kwa kijana wa Buruburu, neno hilohilo humaanisha mpini wa plastiki utakaodumu jaani baada ya mwenyewe kuzeeka. Dodoki, tunda la mmea utambaao, limesukumwa kando na sifongo ya kiwandani. Jina limebaki, kitu kimebadilika. Si lazima kila mkazi arejelee kijiti, maana floridi iliyomo katika dawa ya meno ina manufaa yake. Lakini dodoki lina kasoro gani? Usiache mbachao kwa msala upitao.

Wapo wanaodai kwamba chanzo cha uchafu huu ni uchumi wa kadogo, yaani desturi ya kununua kidogo kidogo kulingana na kipato cha siku. Dai hilo halina mashiko. Mwenye kioski amekuwa akikata mche wa sabuni kwa kisu, na kipande kikafika nyumbani bila plastiki. Mafuta ya kupikia hupimwa, maziwa hutoka kwenye mashine, na sabuni ya maji huuzwa kutoka mtungini kwa mteja aliyekuja na chupa yake. Kadogo iliwezekana, na ingali inawezekana, bila kifuko. Aliyechagua kifuko ni mtengenezaji. Tabaka zake zilizogandishwa pamoja ni vigumu kuzitenganisha, hivyo mwokota taka wa Dandora huchukua chupa na chuma chenye soko, akakiacha kifuko palepale.

Sheria nazo zimekizunguka bila kukigusa. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017 ilisamehe vifungashio vinavyotiwa bidhaa kiwandani. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawatwika wazalishaji wajibu juu ya taka zitokanazo na bidhaa zao. Wajibu huo hauna budi kufika hadi kioskini, ili shampuu na mafuta yapimwe kama yanavyopimwa maziwa.

Fauka ya hayo, adha hii haikomei Eastlands. Mto Nairobi humwaga maji yake katika Mto Athi, ambao huitwa Sabaki ukaribiapo Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi. Kilichotupwa mtaroni Dandora chaweza kumfikia mvuvi wa pwani.

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapohitajika. Sheria hizo zimeandikwa kwa Kiingereza, ilhali kioskini watu huuza na kununua kwa Kiswahili na Sheng. Akizifasiri kwa lugha nyepesi, mnunuzi atajua la kudai na mwenye kioski atajua la kumwuliza msambazaji. Kibaba cha Dandora kilikwisha kujaa. Kinachosalia ni kuwauliza wanaozidi kukijaza.