Mzazi Asiyesoma Naye Ana la Kuuliza

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, katika nyumba ambazo hazijawahi kupeleka mtu chuo kikuu husikika kauli moja: "Mwachieni mwenyewe, yeye ndiye msomi." Baba anahangaikia hela ya maombi, mama anaomba dua, uamuzi anaachiwa mtoto. Na afadhali ungebaki kwake! Nenda steshenari yoyote ya stendi msimu wa udahili. Mwenye kompyuta anauliza, "Kombi gani?" Akisikia HGL anabofya sheria, elimu, utawala, ilimradi machaguo yajae. Foleni ni ndefu, anayefuata asogee.

Mnaiita heshima kwa elimu yake. Mimi naiita kumtelekeza.

Kidato cha sita hakifundishi kuchagua chuo. Mtoto anaweza kukueleza vyanzo vyote vya Vita vya Majimaji asijue kwamba shahada ya sheria haimfanyi mtu wakili mpaka apite Shule ya Sheria, ambako katika matokeo yaliyozua kelele nchi nzima mwaka 2022, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 kati ya 633. Hajui kwamba Julai 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, kwa hiyo bango la barabarani si dhamana. Hajui kwamba Bodi ya Mikopo haitazami umaskini peke yake, inatazama na kozi, na kwamba akikopeshwa, siku akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Mzazi naye hayajui. Lakini kuuliza anajua. Mzee anayezunguka mnadani nusu siku akiwafunua ng'ombe midomo ahesabu meno kabla ya kutoa hela, anashindwaje kumhoji mwanawe? Hicho chuo kimesajiliwa? Ukimaliza hiyo kozi, kuna mtihani mwingine mbele? Bumu la mkopo likichelewa utalala wapi, utakula nini? Waliomaliza mwaka juzi wanafanya kazi gani? Tafuta namba ya mmoja tumpigie. Maswali haya hayahitaji Kiingereza. Majibu kadhaa yamo kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, unaopatikana bure mtandaoni. Kijana ausome kwa sauti, wengine wasikilize.

Wapo watakaosema wazazi wakiingilia watamlazimisha mtoto udaktari. Wazazi hao wapo, na wanakera kweli. Ila kwetu ugonjwa ni kimya. Mtoto wa mhadhiri huchaguliwa chuo mezani wakati wa chakula, shangazi na mjomba wakichangia, wala hakuna anayemwambia ajitegemee kwa kuwa ni msomi. Kwa nini wa mkulima ndiye aachiwe peke yake?

Hata aliyekwishatuma maombi hajachelewa. Aliyechaguliwa vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Kabla hajaiingiza, mwiteni mkae naye, mumuulize.