Sindano ya Kichaa Haizuii Distempa

Mtoto wa mbwa ametokwa na matongo, mnasema ni vumbi. Kesho yake kamasi nzito, kikohozi, chakula hataki. Mnasema hajazoea uji. Akitapika na kuharisha, analaumiwa jirani kwamba ametega sumu, na maziwa yanaletwa mbio. Wiki chache baadaye anatafuna hewa, mguu unarukaruka wenyewe hata akiwa usingizini, kisha degedege. Ndipo daktari wa mifugo anapopigiwa simu.

Hiyo ni distempa, na daktari hana dawa ya kuua virusi vyake. Atamwongezea maji, atatibu nimonia iliyodandia, atatuliza degedege. Wengi hufa. Wengine hupona wakabaki na mtikisiko wa maisha, au pua na nyayo zilizokakamaa.

Na akifika hatua ya degedege, msimtie mkono mdomoni. Kwa macho tu, huwezi kuitofautisha na kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, siku hiyo hiyo.

"Lakini alichanjwa!" Ndiyo, alichanjwa kichaa. Ile chanjo ya kampeni mtaani ni muhimu na msiache kuwapeleka mbwa, ila haigusi distempa. Distempa ina chanjo yake, na kwa kawaida huja katika sindano moja na ya parvo. Iombe kwa jina.

Tena, haitoshi kuchoma mara moja. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mama kupitia dang'a, na kinga hiyo hiyo huiua nguvu chanjo ya mapema. Inaisha lini? Kila mtoto na siku yake. Ndiyo maana sindano huanza akiwa na wiki 6 hadi 8, zikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka atimize angalau wiki 16, na nyingine mwaka unaofuata. Anayeishia ya kwanza amefunga mlango akasahau komeo.

Mtatuambia ni ghali. Aliyetoa pesa ya kununua mbwa wa kizungu asituletee habari hiyo. Wala ya "wangu hatoki getini": virusi hivi ni vya ukoo mmoja na vya surua, huenea kwa kikohozi na chafya, na mbwa wa mtaani akija kunusana na wako kwenye nondo za geti, imetosha.

Wala si hasara ya mwenye mbwa peke yake. Mwaka 1994 distempa iliua takriban theluthi ya simba wa Serengeti, na watafiti wakawanyooshea kidole mbwa wa vijiji vya jirani. Kama simba hakusalimika, mbwa wa jirani yako atasalimikaje?

Wanaouza watoto wa mbwa barabarani nao waulizwe. Kadi ya chanjo iko wapi? Imeandikwa chanjo gani, tarehe gani? Muuzaji akianza kujiumauma, hesabu kwamba mbwa hajachanjwa: mpeleke kwa daktari wiki hiyo hiyo, umbebe mikononi badala ya kumtembeza, na umtenge na mbwa usiowajua mpaka sindano ya mwisho.