Ua la nta: tusikate kikonyo chake

Juma hili tuangalie ua la nta, ambalo wataalamu wa mimea huliita Hoya carnosa. Asili yake ni Asia ya Mashariki. Jina Hoya lilitolewa mwaka wa 1810 kwa heshima ya Thomas Hoy, mtunza bustani wa Uingereza.

Porini mmea huu hupanda juu ya miti bila kuinyonya, hujishikilia tu. Majani yake ni manene kwa sababu huweka maji ndani. Basi tukimwagilia kila siku, mizizi itaoza. Tungoje udongo ukauke kwanza.

Maua hutoka kwa kichala, kila moja kama nyota ya ncha tano, na harufu yake huzidi jioni. Yakianguka, kikonyo hubaki kitupu, na watu wengi hukikata wakidhani kimekufa. Tusikikate! Maua mengine yatatoka palepale.

Utomvu wake mweupe unaweza kuwasha ngozi, kwa hiyo tunawe mikono na kuwaangalia watoto.

Mama mwenye mmea huu akatie jirani kipande cha shina chenye majani mawili. Kikipandwa, kitaota.